Notisi nimegawa bure, steshenari inauza 5,000. Sharti la "si kwa biashara" nilikaze au niliondoe?

#1 MwalimuWaZamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha sayansi shule ya msingi wilayani Kilosa. Tangu 2019 nimekuwa nikiandika kijitabu cha majaribio na mazoezi ya darasa la tano hadi la saba. Kina kurasa 84, na michoro yote nimechora kwa mkono wangu. PDF iko mtandaoni, haina malipo. Ukurasa wa pili nimeweka leseni ya Creative Commons (masharti yaliyoandikwa tayari ya kuruhusu wengine kutumia kazi yako) BY-NC-SA 4.0, yaani taja jina langu (BY), usifanyie biashara (NC), na ukikiboresha ukitoe kwa masharti yaleyale (SA).

Mwezi uliopita nilishuka Morogoro mjini. Kwenye steshenari moja karibu na stendi nikakuta kijitabu changu kimening'inizwa kwenye kamba, kimetiwa spairo na kava la plastiki, Sh 5,000. Jina langu lipo. Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na mwanawe ugenini. Sikusema kitu, nikanunua kimoja nikaondoka.

Wiki hiyohiyo kijana anayejitolea Wikipedia ya Kiswahili akaniomba mchoro wa mbegu ya haragwe inavyoota. Nikamwambia chukua. Akasema hawezi kuupokea kwa sababu ya NC. Kwa hiyo anayeuza anaendelea kuuza, na asiyeuza ndiye aliyezuiwa. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Nifanyeje? Nikilegeza, nani atanirudishia hata hela ya bando? Nawasilisha.

#2 Mluguru_Halisi
Kaza mkuu. Nenda na nakala yako ya leseni, mwambie alipe au ashushe. Jasho la mtu halining'inizwi kwenye kamba.

#3 KopiNaLaminesheni
Salaam. Mimi ni mtu wa steshenari, si huyo wa stendi, ila kazi ni hiyohiyo. Ngoja niwape hesabu kabla hamjatuchoma.

Kurasa 84 ukichapa mbele na nyuma ni karatasi 42. Kwa bei ya rimu ninayonunulia mimi, karatasi zinafika kama 1,050. Wino naukadiria 20 kwa ukurasa, hapo 1,680. Spairo na kava 1,000. Tayari ni 3,730, sijagusa umeme, kodi ya fremu wala kijana anayesimama kwenye mashine. Kwenye 5,000 anabaki na 1,270 kabla ya hayo yote.

Sasa mzazi akija na flashi yenye PDF ya mwalimu akataka kopi moja, mimi natoza 100 kwa ukurasa. Ni 8,400, na spairo juu yake. Kile kilichoning'inia kwenye kamba ni nafuu kuliko alichokuja nacho mkononi! Inakuwa nafuu kwa sababu vimechapwa ishirini kwa mpigo. Mwalimu, huyo bwana hakukuibia watoto. Amekufikishia kitabu kwa mzazi asiye na simu ya kufungulia PDF.

#4 Mluguru_Halisi
#3 umejitetea vizuri, lakini hujasema mwalimu anapata shilingi ngapi kwenye hiyo 1,270.

#5 KopiNaLaminesheni
Hajaniuliza. Angekuja akaniuliza tungekubaliana.

#6 WakiliWaKisumu
Hamjambo. Suala hili limeshafika mahakamani, Marekani. Shirika la Great Minds lilitoa vifaa vya hisabati kwa BY-NC-SA, leseni ileile ya mwalimu. Shule za umma zikavipeleka kwenye maduka ya kopi ya FedEx, na FedEx ikatoza pesa yake ya kawaida. Great Minds wakashtaki, wakisema FedEx inafanya biashara na kazi yao. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ikawakatalia: mwenye kutumia leseni ni shule, na matumizi ya shule si ya biashara. Duka la kopi ni mkono tu wa shule. Leseni haimlazimishi mwalimu asimame yeye mwenyewe kwenye mashine.

Kwa hiyo mzazi mwenye flashi, sawa kabisa, hata ukimtoza 8,400. Aliyechapa ishirini bila kutumwa na mtu ndiye mwenye tatizo, kwa sababu hapo duka halina mteja wa kujificha nyuma yake.

#7 Kasuku_wa_Tanga
Nyongeza kwa #6. Kuna na kesi ya pili, Great Minds dhidi ya Office Depot (maduka ya vifaa vya ofisi na kopi), mahakama ya rufaa ya upande wa magharibi, 2019. Pale ilidaiwa kuwa Office Depot waliziendea shule wenyewe kuomba oda, na bado Great Minds wakashindwa. Kwa hiyo duka linaweza hata kujitangaza, mradi anayeagiza ni shule. Nakubaliana nawe kwamba kuchapa na kuweka kwenye kamba ni jambo jingine, halikuamuliwa kwenye kesi zote mbili.

Ila mnaona ajabu yake? Karatasi ni zilezile na mtoto anayezisoma ni yuleyule. Halali na haramu zinatenganishwa na nani alitangulia kusema "nitolee kopi", na kwa njia ya halali mzazi analipa zaidi.

#8 MpigaPicha_Ng'ambo
Asalaam aleikum. Miye niko Unguja, kazi yangu picha. Zamani nikiweka picha kwa BY tu, nikisema elimu haina mwenyewe. Siku moja nikaikuta picha yangu ya majahazi kwenye kipeperushi cha hoteli, imejaa ukurasa mzima, jina langu halipo. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa "si umeweka bure?" Neno hilo liliniuma kuliko pesa.

Na wakubwa pia hufanya. Mwaka 2014 Flickr, tovuti ya kuweka picha, walianza kuuza picha za watu zilizochapwa kwenye turubai, zikiwemo zile za leseni huria zilizoruhusu biashara. Picha za BY mwenyewe hakupewa hata senti. Kisheria walikuwa sawa, watu wakachemka vilevile. Tangu hapo kila picha yangu ina NC. Mwalimu, usiondoe.

#9 Kasuku_wa_Tanga
Ndugu yangu wa Unguja, pole, lakini masuala mawili yamechanganyika. Hoteli ilivunja hata BY yenyewe, kwa kutotaja jina lako. Ulikuwa na haki ya kudai bila NC yoyote. Flickr nao ndani ya wiki chache waliziondoa picha za Creative Commons kwenye biashara ile na kuomba radhi. Kilichowarudisha nyuma ni kelele za watu, kwani leseni iliwaruhusu.

#10 MpigaPicha_Ng'ambo
Haki nilikuwa nayo, ndiyo. Wakili je? NC angalau inamtia woga mtu kabla hajachukua.

#11 Mhariri_Usiku
Mimi ni mmoja wa wanaojitolea Wikipedia ya Kiswahili (si mimi niliyemwandikia mwalimu). Nieleze kwa nini tunakataa NC, maana wengi hudhani ni kiburi.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Makala zake ziko chini ya BY-SA: mradi mzima ulihamia Creative Commons 2009, na toleo la 4.0 mwaka 2023. Ahadi kwa msomaji ni kwamba yote aliyoyakuta anaweza kunakili, kubadili, hata kuuza, mradi ataje waandishi na atoe kwa leseni hiyohiyo. Picha moja yenye NC ikiingia, ahadi inapasuka. Anayechapa makala ya mimea kuwa kitabu na kukiuza 3,000 vijijini itabidi achambue picha moja moja. Anayepakia Wikipedia nzima kwenye kompyuta za shule isiyo na intaneti kisha akatoza nauli na ufundi wake atajiuliza kama ni mwizi.

Na kinachotulinda na wachoyo ni SA. Mchukuaji akiboresha, maboresho yake nayo yanakuwa huru, wengine wanaweza kuyachukua. Mwalimu, BY-SA ingetosha, na mchoro wa haragwe ungesomwa kesho.

#12 Bukavu_Kwetu
Jambo bandugu. Huku kwetu shida ya NC ni kwamba hakuna anayejua mwisho wake. Leseni yenyewe inasema matumizi yasiwe yamekusudiwa hasa kupata faida ya kibiashara au malipo ya fedha. Hilo "hasa" ndilo tatizo. Redio ya jamii inayopokea tangazo la sabuni, ni biashara? Shule ya kanisa inayotoza ada? Niliandaa semina ya wakunga, kiingilio cha kulipia chakula tu, nikaacha michoro mizuri kabisa kwa sababu ilikuwa NC na mwenyewe hakujibu barua.

Hata Ujerumani walibabaika. Redio ya umma, Deutschlandradio, ilitumia picha ya NC kwenye tovuti yake. Machi 2014 mahakama ya Köln ikasema kila kisichokuwa cha faragha ni biashara. Oktoba mwaka huohuo mahakama ya juu yake ikakataa tafsiri hiyo: neno halieleweki, na kisichoeleweka kisimuumize aliyepokea leseni. Lakini redio bado ilionekana na kosa, maana ilikata kipande cha picha na jina la mpiga picha likaondoka nacho.

#13 Mluguru_Halisi
Kumbe kila kesi inarudi kwenye jina la mtu. Yule wa stendi angalau jina kaliacha.

#14 Sauti_ya_Ziwa
Mnazungumza 5,000 ya steshenari huku kuna wachukuaji wakubwa zaidi. Mimi nilisoma sentensi za Kiswahili kwenye mradi wa kukusanya sauti wa Mozilla, Common Voice, usiku kwa usiku, simu mdomoni. Sauti zote zile zinatolewa kwa CC0, hakuna kutajwa, hakuna sharti. Kampuni yoyote ya akili mnemba inaweza kufundishia mashine yake. Nilikubali kwa hiari na sijuti, nataka mama yangu aongee na simu kwa Kiswahili imuelewe.

Lakini tazameni upande wa pili. Meta, wenye Facebook, mwaka 2022 walitoa modeli ya kutafsiri lugha 200, Kiswahili kikiwemo, wakaiwekea NC. Kampuni kubwa yenyewe iliona sharti hilo lina maana. Na watafiti wa Masakhane, Waafrika wenyewe, mwaka 2021 walitoa matini ya lugha kumi iliyotiwa alama za majina ya watu na mahali, Kiswahili pia, nao wakaweka NC. Je, wote hao hawajui?

Siku hizi kuna leseni iitwayo Nwulite Obodo, imetoka kwa wanasheria wa Chuo Kikuu cha Pretoria. Inatenganisha mtumiaji wa nchi zinazoendelea na wa nchi tajiri, na huyo wa pili anatakiwa arudishe kitu kwa jamii iliyotoa data. Hiyo ndiyo fikra ninayoipenda: mtu wa kopi wa Morogoro apite bure, kampuni kubwa igonge hodi.

#15 Kasuku_wa_Tanga
#14 usiku kwa usiku simu mdomoni, majirani hawakukuitia sheikh? 😄

#16 Sauti_ya_Ziwa
Waliniuliza nagombea ubunge jimbo gani. Rudini kwenye mada.

#17 Mhariri_Usiku
#14 hoja nzito. Ila leseni ya namna hiyo haichanganyiki na BY-SA, kama NC isivyochanganyika. Kila bustani ikiwa na ukuta wake, mchicha wako na nyanya zangu havikutani kwenye sufuria moja.

#18 Sauti_ya_Ziwa
Na isiyo na ukuta inaliwa na mbuzi wa tajiri.

#19 WakiliWaKisumu
Swali la mwalimu tumelikimbia: nani atalipa? Leseni haijawahi kumlipa mtu. NC inakupa nafasi ya kuuza ruhusa, lakini lazima awepo wa kununua na wewe uwepo wa kumfuata.

Njia nyingine zipo. Richard Stallman, mwanaharakati wa programu huria, mwaka 1985 alikuwa akiuza kanda ya programu yake ya Emacs kwa dola 150, programu ambayo mtu angeweza kuinakili bure kwa rafiki. Watu walilipia kanda na kutumiwa. Wikimedia, wanaoendesha Wikipedia, tangu 2021 wana huduma ya kulipia kwa kampuni kubwa: maudhui ni yaleyale, ila wanauza mfereji wa kasi na uhakika wa kuyapata, na Google walikuwa wateja wa kwanza kutangazwa, 2022. Afrika Kusini, vitabu vya hisabati na sayansi vya Siyavula viko kwa leseni huria, na mwaka 2012 serikali ilichapa na kuvisambaza shuleni. Kote huko pesa inatafutwa kwenye kazi au huduma, si kwenye nakala.

#20 MwalimuWaZamu
Nimesoma yote, asanteni. #19 mifano mizuri, ila hebu tazama: pesa ya Google inakwenda kwenye taasisi. Kijana wa #11 anayehariri usiku anapata nini? Na mimi sina serikali ya kunichapia wala mfereji wa kuuza. Nina kalamu na watoto 92 darasa moja.

#21 Mhariri_Usiku
Sipati kitu, mwalimu, na nilijua tangu mwanzo. Lakini nina ajira ya mchana. Asiye nayo simwambii aniige.

#22 HadithiZaBibi
Niliwahi kuandika hadithi za watoto chini ya mradi uliokuwa na mfadhili. Nililipwa kwa kila hadithi kabla haijatoka, kisha ikatolewa kwa BY, yeyote achape, auze, atafsiri. Kwangu ilikuwa haki. Maktaba ya African Storybook kule Afrika Kusini nayo hadithi zake nyingi ni BY, chache BY-NC, na za Kiswahili ziko tele, walimu wanachapa.

Tatizo likaja mradi ulipokwisha. Hadithi zangu zinaendelea kuzunguka na nafurahi, lakini sijalipwa nyingine tangu hapo. Ndiyo maana nikisikia "lipeni kazi, si nakala" nauliza: nani, na hadi lini?

#23 Muuguzi_Mstaafu
Wanangu, kabla ya hizo herufi zenu kulikuwa na kitabu tulichokuwa nacho kila zahanati, Mahali Pasipo na Daktari. Wachapishaji wake wa asili, Hesperian wa Marekani, waliruhusu watu kunakili na kubadili kulingana na mahitaji ya pale walipo bila kuomba ruhusa, mradi kitolewe bure au kwa gharama tu, bila faida. Sisi tulielewa mara moja. Karatasi na wino ni haki yako, ziada si yako. Mwalimu angeandika hivyo, kwa Kiswahili, pale mbele.

#24 KopiNaLaminesheni
Shikamoo mama. Nakuheshimu, lakini "gharama tu" inakula nini jioni? Ile 1,270 ndiyo kodi na ndiyo ugali. Mkisema nisiibaki nayo, sitachapa, mzazi atarudi kwenye 8,400 au mtoto akose.

#25 Muuguzi_Mstaafu
Marahaba. Mshahara wa kijana wako na kodi ya chumba ni gharama, mwanangu. Sikuhesabu karatasi peke yake.

#26 Mluguru_Halisi
Mwalimu weka lipa namba ukurasa wa kwanza, "ukifaidika nitumie chochote". Yaishe.

#27 HadithiZaBibi
Nimejaribu #26. Kwa mwaka mzima walituma watu 11, jumla 23,000, na mmoja akapiga akidai alikosea kutuma nimrudishie. Lakini ndani ya hao 11 kulikuwa na mama wa Singida aliyetuma 500 na ujumbe kwamba mwanawe sasa anasoma mwenyewe. Ujumbe ule sijaufuta.

#28 WakiliWaKisumu
Mwalimu, mambo mawili kabla hujaamua. Leseni uliyokwisha kutoa hairudishwi: ukilegeza kuwa BY-SA leo, kesho huwezi kuwanyang'anya walioipokea hivyo. Na huhitaji kuchagua moja kwa kazi nzima. Michoro inaweza kuwa BY-SA iende Wikipedia, kijitabu kibaki NC. Tena wewe ndiye mwenye hakimiliki, NC haikufungi wewe. Unaweza kumpa mtu wa stendi ruhusa ya pembeni kwa makubaliano yenu, hata 300 kwa nakala.

#29 Kasuku_wa_Tanga
300 kwa nakala atahesabu nani? Mwalimu atakaa Kilosa na kusubiri taarifa ya mauzo ya stendi?

#30 KopiNaLaminesheni
Mimi nitamhesabia yangu. Mwalimu, njoo PM, nakala 100 za kwanza nakulipa kabla sijachapa.

#31 Sauti_ya_Ziwa
Na programu za simu zitakazopakia michoro hiyo ya BY-SA na kubandika matangazo? #28 hujajibu hilo.

#32 Darasa_la_Vidole
Samahani kuingilia. Nafundisha kitengo cha wasioona, wanafunzi sita. Kijitabu hiki nimekipenda, hasa majaribio ya kugusa na kunusa. Nataka kukiweka kwenye nukta nundu, lakini kwa kuwa hatuna mashine, kuna mahali wanatuchapia na wanatoza kwa ukurasa, na kurasa huwa nyingi kuliko za kawaida. Nimeona neno "usifanyie biashara" nikasita wiki tatu. Je, naruhusiwa?

#33 WakiliWaKisumu
Unaruhusiwa. Anayetumia ni wewe, mchapaji ni mkono wako. Soma #6.

#34 MwalimuWaZamu
Mwalimu mwenzangu, wiki tatu! Chapa leo. Michoro haitaonekana kwa vidole, kwa hiyo usiku huu nitaandika maelezo ya kila mchoro kwa maneno nikutumie. Naanza na ule wa haragwe. Niambie tu, watoto wako huwa mnawashikisha mzizi unaochipua kwenye mbegu yenyewe darasani, au nieleze urefu wake kwa kulinganisha na kidole?

#35 Darasa_la_Vidole
Tunaotesha kwenye pamba, wanashika kila asubuhi. Eleza kwa kidole, wanaelewa haraka. Asante sana.